Mabomu ya Mwanza: mayu anachanganya miaka, au yalidondoka mara mbili?

Mwana wa Igombe aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wenye kumbukumbu, au waliofuatilia historia ya jeshi letu la anga.

Mayu yangu, yaani mama kwa Kisukuma, alizaliwa 1951. Ujana wake wote ameuza samaki mwaloni Kirumba, enzi za furu na sato, kabla sangara hajalitawala ziwa. Siku hizi nakaa naye huku Igombe. Jumapili moja aliwasimulia wajukuu jinsi ndege za vita zilivyopita juu ya Mwanza, bomu likalia, akatupa beseni la furu na kukimbilia kwenye mawe ya mlimani. Alisema alikuwa peke yake, msichana ambaye hata hajaolewa. Wajukuu walikaa kimya mpaka mwisho, jambo ambalo halitokei nyumbani kwangu.

Wiki mbili baadaye akaisimulia tena. Safari hii alikuwa amemshika mkono kaka yangu mkubwa, na mimi niko mgongoni. Kaka kazaliwa 1974, mimi 1978. Kaka alikuwepo, akamkatiza mbele ya watoto: "Mayu, juzi ulisema hukuwa na mtoto. Uzee umeingia." Mayu hakujibu. Aliinuka, akaenda jikoni, akaanza kuchambua dagaa waliokuwa wameshachambuliwa.

Tangu siku hiyo hajasimulia kitu. Imenikaa vibaya sana. Kwa hiyo nauliza: Mwanza ilipigwa mabomu lini hasa? Ilikuwa vita ya Kagera au kabla yake? Na kwenye uwanja wetu wa ndege zilikuwepo ndege gani? Maana anasema kuna miaka ambayo kila asubuhi vikombe vilikuwa vinagongana kabatini kwa ngurumo kutoka upande wa Ilemela.

---

Kijana wa Nyegezi alijibu:

Mkuu, Amin alipiga Bukoba tu, Oktoba 1978. Mwanza haikuguswa. Nadhani bi mkubwa alisikia habari za Bukoba redioni, na miaka ilivyokwenda zikageuka zake. Hutokea kwa wazee, usimlaumu.

---

Fundi Mstaafu alijibu:

Mwana wa Igombe, mpe mayu shikamoo yangu, na kaka yako mwambie akamwombe radhi. Mama hachanganyi kitu. Mwanza ilipigwa kutoka angani mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili ilipita miaka sita na nusu. Msichana wa kwanza ni yeye, na mama wa watoto wawili ni yeye.

Kijana wa Nyegezi, sina ugomvi na wewe, ila taratibu kidogo kabla ya kumwambia mtu kwamba aliyoyakimbia ni ya redioni.

Mimi nilikuwa fundi wa ndege. Nililetwa Mwanza 1981, vita imekwisha, kwa hiyo ya vitani sikuyaona. Niliyapokea kwa wakubwa zangu wa karakana, na baada ya kustaafu nikayafuatilia kwa kusoma. Ndege zenyewe nazijua kwa mikono hii.

Mara ya kwanza ni Septemba 1972. Wafuasi wa Obote, rais wa Uganda aliyepinduliwa na Amin, waliokuwa wamekimbilia kwetu walivuka mpaka kwenda kumng'oa Amin. Kulikuwa na mpango mwingine wa angani: ichukuliwe ndege ya abiria, DC-9 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, ipeleke wapiganaji mpaka Entebbe. Iliishia Kilimanjaro, matairi yakapasuka wakati wa kutua. Waliopita nchi kavu nao wakavunjwa nguvu Masaka na Mbarara. Amin akalipiza kwa ndege. Alianza na Bukoba, na siku chache baadaye akaja Mwanza. Mapema Oktoba nchi mbili zikasuluhishwa Mogadishu, Siad Barre akiwa mpatanishi. Vita ile ilikuwa fupi, wengi wameisahau, na ile kubwa ya 1978 imeifunika kabisa. Ndiyo maana vijana wakisikia mabomu na Amin wanadhani ni Kagera tu.

Sasa jiulize, siku ile mayu anatupa beseni, mbona hakuruka mtu kuzifukuza ndege zile? Hapa ndipo historia ya jeshi letu la anga ilipo. JWTZ iliundwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka ule. Walioanza kutufundisha urubani ni Wajerumani wa Magharibi. Mwaka 1965 wakaondoka, kwa sababu Zanzibar ilikuwa na uhusiano na Ujerumani Mashariki na serikali yao ya Bonn haikutaka kusikia jambo hilo. Mwalimu hakukubali kuchaguliwa marafiki. Wakaja Wakanada, wakakaa mpaka 1970, na wao walituletea ndege za kubeba: Otter, kisha Caribou. Caribou nakuambia ni ndege ya nchi kama yetu. Inatua kwenye kiwanja kifupi cha udongo, inafungua mlango wa nyuma, inashusha askari na magunia, inaondoka na wagonjwa. Lakini huwezi kumfukuza mwenye MiG, ndege ya kivita, kwa Caribou. Jeshi letu la anga lilizaliwa la usafirishaji, na 1972 lilikuwa bado halijawa na ndege ya kivita iliyo tayari kulinda ziwa.

Yaliyofuata yalibadilisha mambo. Wachina walitufundishia marubani na mafundi, na Ngerengere kule Morogoro ikawa kambi ya ndege zao za kivita. Katikati ya miaka ya 1970 zikaja MiG-21 kutoka Urusi, na hizo ndizo zilizowekwa Mwanza. Vikombe vya mayu viligongana kwa ajili yao. Kutoka uwanja wetu mpaka Entebbe ni kilomita karibu 280, na karibu zote ni maji. MiG-21 ina mbio kupita sauti mara mbili, lakini inakunywa mafuta vibaya. Ukiitoa Ngerengere kwenda Entebbe haina namna ya kurudi. Ukiitoa Mwanza inakwenda, inafanya kazi, inarudi na akiba kidogo.

Niruhusu niseme jambo moja la kazi, kwa sababu wajukuu wa mayu wanaweza kulipenda. MiG-21 inatua kwa kasi kubwa sana, breki za matairi peke yake hazitoshi. Kwa hiyo chini ya mkia, penye shina la pezi lililosimama, kuna kikasha chenye parachuti. Magurudumu yakishagusa, rubani anaifyatua, inafunguka nyuma kama mwavuli, ndege inavutwa. Ikishapungua mwendo anaiachia, inabaki imelala njiani, na sisi vijana tunakimbia kuiokota kabla ndege ya pili haijatua. Kazi yangu ya kwanza Mwanza ilikuwa hiyo. Unaikunja kamba kwa kamba, pindo kwa pindo, unaisukumia kikashani kwa goti. Kamba moja ikipinda, parachuti haifunguki, na mwenzako anaishia majanini mwisho wa njia. Wakati wa masika hazikauki. Tulikuwa tunazitundika hanga zima kama nguo za harusi, tukizigeuza mpaka usiku. Asubuhi kabla ya yote tulijipanga mstari, tukatembea njia yote ya kurukia tukiokota kokoto, misumari, mifupa iliyodondoshwa na makorongo. Kokoto moja ikinyonywa na injini, injini imekwenda. Na siku wale wadudu wadogo wa ziwani wanapopanda kama moshi, kioo cha rubani tulikifuta kwa maji na kitambaa laini mara tatu, nne, maana wakikaukia pale haoni mbele.

Nirudi vitani. Oktoba 1978 ndege za Amin zilipiga Bukoba, mwisho wa mwezi askari wake wakaingia mpaka mto Kagera, na tarehe 2 Novemba Mwalimu akatangaza kwamba nia, sababu na uwezo tunavyo. Siku zile za mwanzo lilitokea jambo ambalo karakana nzima ilikuwa ikilisema kwa sauti ya chini hata miaka mitatu baadaye. Ndege zetu wenyewe, tatu, zilipita juu ya Musoma. Wapiga mizinga wa pale hawakuwa na taarifa kuwa ni za nyumbani, na walikuwa wakingojea ndege za Amin kila dakika. Wakazitungua. Wale vijana wa mizinga walifanya walichofundishwa, walilenga vizuri. Kilichokosekana ni neno moja kufika Musoma mapema. Mimi nilifundishwa na watu waliowajua marubani wale, na ndiyo sababu nilipokuwa na vijana wangu sikumruhusu mtu kusema "watakuwa wameshaambiwa". Umeambia wewe? Nani kapokea? Saa ngapi? Andika.

Mara ya pili sasa. Machi 1979 Amin anarudi nyuma, Gaddafi wa Libya kamletea askari na ndege. Tarehe 29 Machi 1979 ikaja Mwanza ndege ya Libya aina ya Tu-22. Hiyo si MiG. Ni ndege ya kudondosha mabomu, urefu wake unapita mita 40, na injini zake mbili zimekaa juu, mkiani, ubavuni mwa pezi. Ilikusudia hifadhi ya mafuta. Ikakosa. Vilivyodondoka viliangukia kisiwa cha Saanane, pale mbele ya Capri Point, penye bustani ya wanyama iliyokuwepo tangu 1964. Mtu mmoja aliumia kidogo, na swala wengi wakafa. Tarehe 1 Aprili ndege zetu zikajibu, zikapiga Entebbe, Kampala na Jinja. Tarehe 7 Aprili Entebbe ikawa mikononi mwetu, na siku chache baadaye Kampala.

Niongeze kwa haki: ndege nyingi za Amin zilizoangushwa katika vita ile hazikuangushwa na MiG zetu. Ziliangushwa na askari wa miguu wenye makombora ya kubeba begani, wamejilaza migombani. Sisi wa anga tulikuwa wachache.

Kaka, fanya hivi. Usimwambie mayu chochote kati ya haya. Muulize tu: mara ile ulipokuwa na watoto, watu walikuwa wanasema nini sokoni kesho yake? Kisha utuletee jibu.

---

Mama Kashai alijibu:

Fundi umenitoa machozi. Mimi ni wa Bukoba, nilikuwa darasa la sita. Siku ile ya Oktoba 1978 sikuona ndege, niliona vioo. Vioo vya darasa vilianguka vyote kwa pamoja, ndani, juu ya madaftari, kabla sijaelewa kuwa nimesikia mlio. Mwalimu wetu alifungua mlango akasema "migombani", neno moja, na sote tukaelewa. Mabomu yenyewe hayakuharibu sana mjini, lakini jioni ile njia ya kwenda vijijini ilijaa watu, magodoro kichwani, mbuzi, cherehani. Mama yangu alibeba cherehani akaacha sufuria.

Hata sisi nyumbani tuna "ya kwanza" na "ya pili". Marehemu baba alikuwa akisema "ile ya Obote" akimaanisha 1972, na "ile ya Amin" akimaanisha 1978. Mwana wa Igombe, sikiliza mayu anaziitaje. Wazee wana majina yao, sisi ndio tunaosikia vita moja.

Na ukipata nafasi mlete mayu Kagera, umpitishe Kyaka aone lile kanisa lililobomolewa, na Kaboya walipolala askari wetu.

---

Kijana wa Nyegezi alijibu:

Nimesoma yote. Ya 1972 sikuwahi kuyasikia hata siku moja, shuleni tuliruka moja kwa moja mpaka Kagera. Mwana wa Igombe, nisamehe kwa nililoandika kuhusu mama. Fundi, asante, nitamuuliza na babu yangu yuko Sengerema.

---

Mwana wa Igombe aliandika:

Wakuu, nimerudi. Nimechelewa kwa sababu nilitaka kaka awepo.

Nilifanya kama Fundi alivyoniagiza. Jana jioni mayu alikuwa kibarazani, nikakaa chini pembeni yake, kaka kwenye kigoda. Nikamuuliza: mayu, mara ile ulipokuwa nasi, kesho yake mwaloni watu walikuwa wanasema nini? Hakufikiri hata kidogo. Akasema, "Walisema Gaddafi kaua swala wa Saanane. Wengine wakacheka, kwamba kaja kutoka mbali hivyo kuua swala. Mimi sikucheka, nilikuwa bado natetemeka magoti."

Nikamuuliza na ile nyingine, alipokuwa peke yake. Akasema, "Hiyo ni ya Obote. Mbona hiyo ni zamani, nilikuwa bado kwa baba." Mama Kashai, sikumdokeza neno. Alilitamka mwenyewe, jina lile lile la marehemu baba yako.

Ndipo nikatoa simu nikamsomea maelezo ya Fundi yote, pole pole. Penye parachuti aliniambia nirudie. Anasema alikuwa akiziona kwa mbali zikifunguka alipokuwa akienda Ilemela kwa shangazi yake, na miaka yote alidhani ni rubani anaruka. Penye Musoma alifunika mdomo kwa kitenge. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama wale marubani walikuwa na wazazi hai. Sikuwa na jibu.

Kaka alishuka kwenye kigoda, akakaa chini kwenye mkeka. Akasema, "Mayu, nisamehe, nilikukosea mbele ya watoto." Mayu akamwangalia, akasema, "Wewe siku ile ulinisumbua kuliko ndege. Ulikuwa unalia kandambili. Ilitoka tunapanda, ukataka turudi."

Wakuu, kaka yangu ana miaka zaidi ya 50, ana wajukuu. Alibaki mdomo wazi. Kisha akasema ya bluu. Anasema maisha yake yote ana picha kichwani ya kandambili ya bluu imekwama kwenye ufa wa jiwe, chini yake kunaonekana ziwa, na mtu anamvuta mkono. Alidhani ni ndoto ya utotoni. Hakuwahi kumwambia mtu.

Fundi, mayu amesema nikuandikie "wabeja sana", yaani asante sana, na anauliza kama wewe ulikuwa mmoja wa wale vijana waliokuwa wanakimbia njiani.

---

Fundi Mstaafu alijibu:

Mwambie ndiyo, kuanzia 1981. Mwembamba kuliko wote, kofia ikimwangukia machoni. Kama alipita njia ya Ilemela asubuhi miaka ile, basi ameniona.

Kuhusu wazazi wa marubani, mwambie nimelisoma swali lake na nimelikalia.

Lile jiwe bado lipo? Nyumba zimepanda sana mlima ule.

---

Mwana wa Igombe aliandika:

Lipo, Fundi. Nilipita leo asubuhi kulitazama. Wamejenga mpaka ubavuni mwake, mwenye nyumba anaanikia nguo juu yake. Nilimweleza, akasema njooni wakati wowote, mama atapata na kiti.

Tunakwenda Jumapili baada ya misa, mayu, kaka, na wajukuu wote. La juu magoti hayatamruhusu, lakini anasema mwaka wa Obote alijificha lile la chini, na la juu ni la mwaka wa swala. Kaka atapanda peke yake kuangalia ule ufa.